Ratiba ya Mkaa kwenye Mlango wa Ghala

"Alhamisi ijayo huyu mzee atakula nini, na atakula saa ngapi?"

Muuguzi ndiye aliyeniuliza, nami nikacheka. Nilidhani anatania. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, na sikujua hata mchana wa Ijumaa ile nitapika nini, sembuse Alhamisi ya mbele. Muuguzi hakucheka. Alikuwa amepakata mguu wa Baba Esta, anakikagua kidole gumba, akaniambia bila kuinua macho, "Basi vuta kiti ukae. Dawa nitampa mimi, kidonda nitakisafisha mimi. Lakini wewe unayempikia ndiye utakayeamua kama kidole hiki kinabaki au kinakatwa."

Wanangu mnaopika leo, naona nimeanzia katikati. Mnisamehe. Sijawahi kukaa mwanzoni mwa kitu, wala mwishoni. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu ya barabara. Nilitumwa maji mtoni, nikaliona greda linachonga njia ya kwenda Masasi, nikalifuata ili nijue linaishia wapi. Liliishia kwenye kambi, na kambini palikuwa na mwanamke anapika maharage kwenye sufuria kubwa kama beseni la kuogea. Nikamuuliza kwa nini chumvi anaweka mwishoni. Akanijibu. Nikauliza la pili. Maswali yangu yalipokwisha, nilikuwa nimeshashika mwiko.

Tangu hapo nimewapikia watu wa greda, wapasua mbao, madereva wa malori, na masista wa Masasi waliokula kwa kengele. Mwanangu Shaibu alilelewa na mama yangu kijijini Mkunya, mimi nikipita kumwona baina ya kazi na kazi. Mali yangu ilikuwa sufuria tatu, mwiko, kisu na kanga ya kufungia hivyo vyote. Nikishajua jina la mjukuu wa jirani, basi najua muda wa kuhama umefika.

Na nilikuwa najivunia kupika bila kupanga. Naamka, naangalia kuna nini, napika. Nilidhani huko ndiko kuwa fundi.

Sasa, ile miaka ya ruksa. Ninyi hamkuiona. Zamani korosho zilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake: unapeleka, unapanga foleni, unasubiri. Halafu ikatangazwa kuwa yeyote mwenye gari na magunia anunue. Msimu wa kwanza Newala ilifurika. Kila pembe ina banda, kila banda lina mizani, na kila mizani ina mpiga debe anayemwita mkulima kama anauza nguo. Na chakula nacho kikabadilika. Mchele mweupe ukaja kwa malori, mafuta ya kula kwenye madumu ya njano, soda, mikate, mandazi ya dukani. Watu wakaanza kuona haya kula ugali wa makopa, muhogo wetu mkavu, mbele za wageni. Kibarua akipikiwa mbaazi siku mbili mfululizo anasema, "Banda la pili wanakula wali, mama. Sisi tumekosa nini?"

Mimi nilichukuliwa na mnunuzi mmoja aliyekuwa na banda Newala, njia ya kwenda Kitangari. Watu kumi na mmoja wa kulisha. Msimamizi, kijana wa mjini aliyevaa saa kubwa, akaniambia, "Wape wali na nyama. Wakishiba hawatanikimbia." Nikawapa wali na nyama. Wali, nyama, chai ya sukari tele, mandazi. Hakuna jani la kijani lililoingia kwenye sufuria yangu wiki tatu. Walinisifu sana.

Kati ya hao kumi na mmoja, wawili ndio nitakaowasema. Mmoja ni Chitanda, mbeba magunia, Mmakonde mwenye mabega kama mlango na mdomo usiofungwa. Wa pili ni huyo Baba Esta, mtu wa Masasi, mpima mizani. Alikuwa mtu mzima, mkimya, anavaa shati lililopigwa pasi hata penye vumbi. Wakulima walitoka mbali, wakapita mabanda mengine matatu, ili wapimiwe na yeye, kwa sababu mkono wake haukugusa mizani wakati inasoma. Mabanda mengine yalikuwa na wapimaji wenye vidole vizito, mnaelewa. Baba Esta alipima, akarudi nyuma hatua moja, akaweka mikono mgongoni, ndipo akasoma. Banda letu lilisimama juu ya ile hatua moja ya kurudi nyuma.

Tusichokijua ni kwamba alikuwa na kisukari. Alikificha. Enzi ya ushirika mtu akiugua alikuwa na kazi yake akirudi. Kwa wanunuzi hawa wapya, ukilala siku mbili unamkuta mwingine amesimama mahali pako. Basi kila asubuhi alimeza kidonge chake kimyakimya nyuma ya magunia, akasubiri chakula changu kije kitakapokuja. Na jiwe la mizani lilipomwangukia kidoleni, alifunga kitambaa akavaa ndala, akasema si kitu.

Kosa langu sasa. Nalisema polepole ili mlione vizuri, kwa sababu ni kosa ambalo mtu akiwa bondeni hawezi kulifanya.

Kule juu Newala maji hayako chini ya miguu yako. Yako bondeni, chini kabisa ya mteremko, na kila tone limepandishwa na shingo ya mtu au kwa baiskeli inayosukumwa. Sisi tuliletewa na Abdala, kijana mwenye baiskeli na madumu manne, mara moja kila siku mbili. Jumatano ile msimamizi akaja na wageni wake kutoka mjini. "Mama Shaibu, pilau," akasema. Nikapika pilau. Niliosha mchele mara tatu mpaka maji yakawa meupe pe, kwa sababu nilitaka wageni waseme. Nikaosha nyama, nikaosha sahani mara mbili mbili, nikawapa wageni maji ya kunawa na mengine ya kuoga. Wageni wakasema. Nilijaa sifa mpaka kooni. Na nilikuwa nimemaliza hata maji ya uji wa Alhamisi.

Nikasema moyoni, Abdala atakuja asubuhi.

Abdala hakuja. Kijijini kwao kulikuwa na msiba, na ninyi mnajua, msibani hakuna anayesema nina madumu ya watu. Nikawa nimekaa mbele ya mafiga na ndoo ya maharage makavu, moto unawaka, sina hata maji ya kulowesha kitambaa. Hiyo ndiyo siku ambayo wakulima walikuja wengi kuliko siku zote za msimu. Saa tatu, hakuna uji. Saa sita, hakuna kitu. Saa nane nikaagiza soda na mandazi dukani, zikaletwa chache, vijana wa magunia wakazimaliza kabla hazijafika kwenye mizani.

Baba Esta alikuwa amemeza kidonge chake alfajiri.

Kwanza alitoka jasho. Tukadhani ni jua. Halafu akapima gunia la bibi mmoja, akasoma, yule bibi akasema, "Baba, soma tena." Akasoma tena, akataja kingine kabisa. Mkono ulikuwa unatetemeka, na akaushikilia ubao wa mizani asianguke. Kwa macho ya foleni nzima, Baba Esta ameigusa mizani.

"Naye amefundishwa!" mtu akapiga kelele.

"Huyu ndiye mlisema mwaminifu? Toa mkono, mwizi!"

Akageuka kutaka kuwajibu, maneno yakatoka yamechanganyika kama ya mlevi, na hapo kelele zikazidi. "Ameshalewa uraka wa mabibo!" Akaporomoka juu ya magunia. Msimamizi anatazama saa yake. Chitanda amejiweka mbele kwa mabega yake, anasema, "Atakayemgusa huyu atanigusa mimi." Na mimi nimesimama na mwiko mkavu.

Aliyejua ni yule bibi mwenyewe wa gunia. Alimsogelea, akamnusa mdomo, akamshika paji la uso, akageuka kwetu kwa hasira. "Mtu gani mlevi? Huyu hajala! Nani anapika hapa?"

Bibi alikuwa na kikapu cha mabibo, matunda ya mkorosho, yale mekundu yaliyoiva, anapelekea wajukuu. Akamkamulia Baba Esta mdomoni kama anayekamua embe kwa mtoto, moja baada ya lingine, taratibu, anamwambia, "Meza, baba. Meza tena." Mabibo manne hivi, na mengine mawili Baba Esta akayatafuna mwenyewe. Baada ya muda macho yakarudi. Kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Gunia la bibi lipimwe upya."

Kesho yake ndipo tukaenda kwa yule muuguzi.

Nirudi kwake. Alinifafanulia kama mtu anayemfundisha dereva asiyejua breki. Ukimeza kile kidonge kinashusha sukari, chakula kisipokuja inashuka mno, mtu anaanguka. Ukimpa wali mlima na chai tamu, inapanda, na ikipanda kidonda hakifungi. Kwa hiyo chakula kisicheleweshwe, kisirukwe, kisizidi. Majani kila siku. Kunde au mbaazi. Wanga kidogo kila mlo. "Arudi kila Ijumaa nikitazame. Kikianza kuwa cheusi, nitampeleka kukatwa, na huenda wasiishie kwenye kidole."

Baba Esta akauliza kitu kimoja tu. "Na kazi?"

"Kazi ya kusimama utafanya umekaa," muuguzi akasema. "Tafuta kigoda."

Tulipokuwa tunarudi nikamwambia, "Baba Esta, nisamehe."

"Hukujua."

"Sikuuliza. Mimi ninayeuliza kila kitu."

Alitembea kidogo, akasema, "Wenzangu wasijue kama ni kisukari."

"Watajua. Nikipika chakula chako peke yako watajua siku ya kwanza. Nikipika kimoja kwa wote, itachukua muda."

Hivyo ndivyo nilivyoamua banda zima lile chakula cha mgonjwa mmoja. Sikuwa na busara yoyote. Nilikuwa natafuta njia ya kutunza siri.

Siku ya kwanza nikakosea tena. Nilimnyima wanga wote. Nikamwekea majani na mbaazi, nikajiona daktari. Jioni akawa amelegea, na Ijumaa iliyofuata muuguzi akanigombeza. "Nilisema kidogo, sikusema hakuna. Ngumi moja ya ugali." Basi ngumi moja, na ngumi yenyewe ya Baba Esta, siyo ya Chitanda, kwa maana ngumi ya Chitanda ingelisha familia.

Lakini kupanga siku saba, nitapangaje? Nilimfuata yule bibi wa mabibo. Anaitwa Bi Somoe, nyumba yake ilikuwa karibu na kona ya Kitangari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mpishi usiyepika."

"Ndiye mimi. Nimekuja unifundishe kupanga chakula."

Akautazama mwiko wangu, kwa sababu nilikwenda nao, sijui kwa nini. "Umeanza na nini?"

Nikamwambia nimeanza na orodha: Jumamosi hiki, Jumapili kile.

"Ndiyo maana," akasema. "Wewe ulitoka bondeni? Anza na maji. Una madumu mangapi, yanakuja siku gani? Yagawe kwanza. Ya kunywa yaweke kando na usiyaguse hata akija mfalme. Yanayobaki ndiyo yatakuambia unapika nini."

Wanangu, nimepika na watu wengi, lakini kile nilichojifunza kwenye kibaraza cha Bi Somoe kwa asubuhi mbili sikukipata kwa masista wala kwa madereva. Siku maji yanapokuja ni siku ya kuchemsha. Hapo ndipo unachemsha mbaazi sufuria nzima, za leo na za kesho. Hapo unatwanga kisamvu na kukipika muda wake wote, maana kisamvu hakitaki haraka. Kesho yake ni siku kavu. Siku kavu unachukua zile mbaazi za jana unazikaanga na kitunguu na karanga zilizotwangwa, hazinywi maji tena. Unachoma samaki mkavu juu ya makaa. Unatia kisamvu moto tu. Mbaazi zikilowekwa jioni, maji ya kulowekea hayamwagwi, yanaosha sufuria. Maji ya kuoshea mchicha yanawekwa ya kusugulia masizi. Na majani ya kunde aliyoyaanika tangu masika, Bi Somoe alikuwa nayo debe zima, makavu, meusi, yakitiwa kwenye karanga yanarudi kuwa mboga.

"Hiki nilikipanga mwezi wa nne," akaniambia akinipa fungu la majani. "Nilipokuwa nayachuma nilijua nitayala sasa. Wewe mwezi wa nne ulikuwa wapi?"

Sikukumbuka. Kweli kabisa, sikukumbuka.

Nikarudi, nikachukua mkaa, nikaandika ratiba nyuma ya mlango wa ghala, siku saba, asubuhi, mchana na jioni, na pembeni nikachora dumu kwenye siku za maji. Nikaandika na saa. Uji wa mtama usio na sukari saa moja, kabla ya kidonge. Mchana saa saba, taarifa ya habari ikianza redioni. Katikati, kiazi cha kuchemsha kwenye kitambaa, kikae mfukoni mwa Baba Esta, foleni ikiwa ndefu asisubiri.

Vurugu ikaanza siku hiyohiyo.

"Mama Shaibu," Chitanda akasoma mlango kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu. "Jumatatu mbaazi. Jumanne mbaazi za jana. Tumelazwa hospitali lini? Mbona hatujapewa vitanda?"

"Jumatano kuna nyama."

"Jumatano! Mimi njaa yangu haijui kusoma."

"Basi ifundishe. Wewe unajua kusoma."

Kesho yake nikakuta amefuta mbaazi za Alhamisi, ameandika KUKU, herufi kubwa, na amechora kuku mwenye miguu mitatu. Wote wanasubiri nione. Nikasema, "Sawa. Aliyeandika ndiye anayeleta." Akaondoka kwa majivuno, na Alhamisi akarudi na panya buku watano, wamekaushwa vizuri kwa moshi, akaniwekea mbele. "Kuku wa miguu minne," akasema. Mimi ni Mwislamu, sili panya, lakini nilimpikia kwenye chungu chake, na wenye kula wakala. Msimamizi alionja kwa kudhani ni sungura, akaomba tena, na hakuna aliyemwambia mpaka leo.

Wiki ya pili waligoma wali. Yaani, waligoma kwa sababu hakuna wali. Wakasema wanahamia banda la pili. Na siri haikuwa yangu kuitoa. Nilikuwa nimesimama na upawa, wao wamesusa sahani zao, ndipo Baba Esta akainuka kwenye kigoda chake. Hakuwa msemaji.

"Chakula hiki ni changu," akasema. "Nina kisukari. Siku ile sikulewa. Mama huyu anawapikia ninyi nyote chakula cha ugonjwa wangu ili msinicheke. Mkitaka wali, mpeni ruhusa apike sufuria mbili. Na wewe msimamizi, ukitaka kuniondoa, niondoe sasa, nisikae roho juu."

Msimamizi alitazama foleni nje. Foleni ilikuwa ya Baba Esta, na alilijua hilo. Akasema, "Kula, mzee. Kula upime."

Chitanda akachukua sahani. "Aa, Baba Esta," akasema mdomo umejaa, "si ungesema. Mimi nilidhani ni huyu mama ametuchukia tu." Na kuanzia siku hiyo yeye ndiye akawa askari. Ikikaribia saa saba anapiga kelele ghalani, "Mlango unasema chakula!"

Mngedhani hapo nilitulia. Sikutulia. Ndiyo kwanza miguu ilianza kuniwasha. Siwezi kuwaeleza vizuri hali hiyo. Siku zote nilikuwa naamka sijui nitapika nini, na kule kutojua kulikuwa ndiko kunanipa usingizi. Sasa naamka najua. Jumanne najua Ijumaa. Nasikia kama mlango ule umenifungia ndani. Kidonda kilikuwa kinakwenda polepole, wiki hii kimepungua, wiki ijayo kimesimama, na muuguzi anasema tu, "Endeleeni." Endeleeni ni neno gumu sana kwa mtu kama mimi.

Kisha dereva mmoja akapita, anakwenda Tunduru kwenye machimbo ya vito. "Watu maelfu wanachimba na hakuna anayepika," akaniambia. "Kesho alfajiri naondoka. Kiti cha mbele ni chako." Sikuwahi kuona machimbo. Sikuwahi kuona jiwe lenye rangi likitoka ardhini. Nilijiuliza wachimbaji wanakula nini, maji yao wanatoa wapi. Ilikuwa zaidi ya uwezo wangu.

Nikafunga sufuria mbili kwenye kanga, nikawaachia ile kubwa. Nikaondoka bila kuaga. Nawaambia ukweli, sikuaga hata mmoja.

Tulifika Masasi asubuhi, dereva akaenda kutafuta spea, nami nikaingia sokoni kununua chumvi. Palikuwa na mama anauza mchicha. Nikaangalia ule mchicha, na kichwa changu kikasema chenyewe: leo siku kavu, mbaazi ziko kwenye sufuria zimefunikwa, nani atazikaanga? Nikaangalia jua. Ilikuwa bado saa nne na nusu tu. Nikajiona ninamwona Baba Esta, amemeza kidonge, amerudisha kigoda nyuma kutoka kwenye mizani, anasubiri mtu ambaye yuko Masasi ananunua chumvi. Sikumngoja dereva. Nilipata gari la mzigo linapanda Newala, nikakaa juu ya mabati, na njia nzima nilikuwa nalisukuma lile gari kwa tumbo langu. Likapasua gurudumu. Likazibwa. Nilifika saa tisa, nikakimbia kutoka barabarani, sufuria zinagongana mgongoni kama ngoma ya unyago.

Baba Esta alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anapima.

"Umekula?" nikamuuliza, pumzi hakuna.

"Saa saba," akasema.

"Umekula nini?"

Akaonyesha mlango kwa kidevu. Jikoni nikamkuta Chitanda anasugua sufuria kwa maji ya kulowekea mbaazi, kama ilivyoandikwa. Mbaazi alikuwa ameziunguza chini, karanga amezitia nyingi mno, kisamvu amekipasha mpaka kikakauka. Lakini zililiwa, na kwa saa yake.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Masasi."

"Na sufuria?"

Nikaanza kulegeza fundo la kanga.

"Basi weka chini," akasema. "Kesho siku ya maji, na kutwanga kisamvu mimi siwezi, mkono wangu ni wa magunia."

Wanangu, nilikaa pale jikoni sijui kama nicheke au nilie. Nilikimbia kuja kumwokoa mtu ambaye alikuwa ameshakula. Nilidhani mpishi ndiye chakula. Siku ile niliona kwamba ukipanga vizuri, wakaona, wakasoma, wakajua maji ya nini yanakwenda wapi, unaweza kuwa mbali na mtu bado akala. Liliniuma kidogo, siwafichi. Na lilinifungua.

Nilibaki mpaka korosho zilipokwisha na mvua za kwanza zikaanza. Ukucha ulitoka, tukaogopa sana. Chini yake kulikuwa na ngozi mpya, nyekundu kama ya mtoto. Ijumaa ya mwisho muuguzi aliibonyeza huku na huku, akaifuta, hakuifunga kitambaa. "Vaa kiatu," akasema. Baba Esta alikaa na kile kiatu mkononi muda mrefu kabla hajakivaa.

Nikamsindikiza kwao Masasi, maana msimu umekwisha na banda limevunjwa, na mlango wa ghala ulikwenda na mwenye ghala. Ratiba nilikuwa nimeinakili kwenye karatasi ya daftari, wiki mbili za mbele. Mama Esta alitupokea uwanjani na mikono ya unga. Alimtazama mumewe mguu kabla ya uso. Nikampa karatasi, nikaanza kumweleza: ngumi moja, saa saba, uji kabla ya kidonge.

Aliisoma yote amesimama, midomo inacheza. Halafu akamwita Esta alete kalamu. Akaweka karatasi kwenye goti, akakata mchicha wa Jumanne, akaandika mlenda.

"Mchicha wa kwenda kununua wa nini?" akasema. "Mvua imenyesha, mlenda umejaa hapa uwanjani." Akashuka mstari mwingine, akafikiri, akakata na dagaa wa Alhamisi.

Nilipoona anakata na la tatu na kuandika lake, nikazifunga sufuria zangu.